Mkojo wa Wifi

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na nitakueleza kwa vipimo maana mimi ni fundi wa makochi, mwanamke niliyeanza na nyundo moja na mkasi wa kuazima na leo nina mafundi sita, sijazoea kulialia. Karakanani kwetu kila mtu anapiga chafya, vumbi la sponji na pamba, kwa hiyo pua yangu ilipoanza kuziba na kutoa magamba ya damu nikasema ni mafua ya kazi, nikayavumilia miezi saba, mpaka nikakohoa damu juu ya kitambaa cheupe cha mteja na magoti yakagoma kupanda ngazi. Hospitali wakasema ni ugonjwa adimu, kinga ya mwili inaushambulia mwili wenyewe, mishipa midogo ya damu inavimba, na kwangu umeshika pua, mapafu na figo, hauambukizi. Wakanipa vidonge vya kuituliza hiyo kinga, kumi na viwili kwa siku, usingizi ukapotea, uso ukavimba kama mto ulioshindiliwa, mafundi wakasema, "Bosi umenawiri, huo ugonjwa unapatikana wapi na sisi tuugue?"

Tuliposhuka hadi vidonge vinane daktari akasema mkojo ukitoka safi tutafika vinne na nitarudi kazini nusu siku. Asubuhi ya kliniki nikauona mkojo wangu, una rangi ya chai isiyo na maziwa na povu halikatiki, nikamfuata wifi yangu, dada wa mume wangu, tunaishi naye, nikampa kikopo.

"Wifi, kwani wako umekwenda wapi?"

"Wewe jaza tu."

Akajaza, daktari akafurahi, vidonge vikashuka. Leo ni siku ya tisa, miguu inavimba, nikiibonyeza linabaki shimo, na wifi haoshi tena hata kijiko, nikimwambia ananijibu mbele ya kaka yake, "Mkojo wangu umesifiwa na daktari, wako nani aliusifu?" na mume wangu anacheka bila kujua anachocheka. Siku ile walichukua na damu, majibu ni siku kumi na nne, zimebaki tano. Nimfanye nini wifi anyamaze, na je, nisubiri hizo tano, maana huenda damu ikatoka safi, au niende nikajiumbue kwa daktari anifukuze?

Fundi Makochi

*

Fundi, pole. Hiyo pole ni ya miezi saba ya magamba ya damu. Ya kikopo sikupi.

Umenihesabia mafundi, miezi, vidonge na siku, ukasahau kuhesabu figo. Ni mbili tu. Povu, rangi ya chai, miguu inayobaki na shimo: hayo si mambo ya kuchomeka katikati ya malalamiko ya vijiko. Daktari hakukupunguzia dawa wewe. Alimpunguzia wifi yako, ambaye haumwi. Mteja akikuletea vipimo vya sebule ya jirani, kisha kochi likagoma kupita mlangoni kwake, utamwambia nini? Basi jiambie hivyo hivyo.

Barua yako imekaa njiani, kwa hiyo siku zako tano sasa ni mbili. Usizisubiri. Nenda leo, na kliniki ikiwa imefungwa ingia mlango wa dharura. Chukua vidonge vyako vyote, usijiongezee hata kimoja wala usiache, na kikopo ukijaze mwenyewe huko huko. Ukifika sema maneno manne: mkojo ule haukuwa wangu. Daktari atakasirika. Mwache akasirike huku anaandika dawa. Ameshaona waongo wakubwa kuliko wewe.

Wifi alikosea kujaza, lakini anakuringia kwa siri uliyompa wewe. Kabla hujatoka mwambie mumeo kila kitu, mbele ya huyo huyo wifi. Siri ikiisha atakuwa hana cha kuringia, na vijiko vitaoshwa. Kisha nenda na wifi hospitali, akushike mkono kwenye ngazi; aliyejua njia ya kikopo hashindwi na njia ya kliniki.

Na hilo la damu kutoka safi, liache. Mkojo uliuazima. Damu ilikuwa yako, na majibu yake yako njiani kwenda kwa daktari. Wahi ufike kabla yake.