Keria, Ngao na Dada wa Spea

3 Februari

Mke wangu Mama Chiriku,

Salamu zikukute mzima, wewe na huyo Chiriku wetu mwenye maneno mengi kuliko redio. Mimi afya ipo. Mgongo tu unalalamika kwa kubeba vitanda, ila chakula kinapita na usingizi napata. Kifua chako vipi? Na hapo kituo cha mafuta, bado meneja anakuweka kwenye ile pampu ya juani?

Nina habari ya kukufurahisha. Pikapu yetu ungeiona leo ungeipita hivi hivi, ukidhani ni ya mkubwa fulani. Nimeivalisha tairi pana, zile nene zenye meno, na mbele nimeifunga ngao ya chuma. Springi nazo zimeinuliwa, kwa hiyo nikikaa kwenye usukani nawaona madereva wenzangu kwa chini. Yule seremala ninayembebea vitanda na makabati aliizunguka yote, kisha akaniuliza kama bado nitakubali kumbebea mzigo au nimeshakuwa waziri.

Vitu hivi nimevipata kwa bei ya kuelewana, maana kuna dada mmoja mwenye duka la spea jirani na karakana ya huyo seremala, ana moyo mzuri sana. Ndiye aliyenichagulia tairi. Alisema hata gari la kazi lina haki ya kupendeza, nikaona kweli. Anajua magari kuliko mafundi wengi wa hapa, na hana haraka na mteja.

Kuna jambo moja tu. Mafuta yanaisha mapema. Zamani nikijaza tangi Jumatatu linanifikisha Jumamosi, sasa Alhamisi taa inawaka. Nadhani gari linajizoesha. Kwa hiyo ule mpango wa wewe kuacha kazi na kuja huku na mtoto mwezi wa nne, tuusogeze mbele kidogo hadi mambo yatulie.

Mumeo akupendaye,
Baba Chiriku


12 Februari

Baba Chiriku,

Barua yako imefika na salamu nimezipokea. Sisi hatujambo. Kifua kimepoa. Mtoto ameng'oka jino la mbele na bado anaongea bila kupumzika. Meneja ni yule yule na jua ni lile lile.

Sasa tuongee. Mimi nashinda nimeshika bomba la mafuta, na magari yaliyopambwa nayajua kuliko wewe. Mwanamume akianza kulipamba gari, kuna mtu anataka amtazame akishuka. Huko kwako atakuwa nani, seremala? Nimeirudia barua yako nikaona mgongo wako umepata maneno machache, lakini dada wa spea amepata aya nzima. Ana umri gani huyo mwenye moyo mzuri? Ameolewa? Ana mwanya? Maana nyie wanaume mkiona mwanya, akili zinatokea hapo hapo.

Na hayo mafuta yanakwenda wapi? Njia ni ile ile, vitanda ni vile vile. Gari halijizoeshi kunywa, linanyweshwa. Siku pikapu ilipokuondoa hapa tuliiita mke mwenzangu, tukacheka wote hadi machozi. Sitaki nifike mahali nione sikuwa na sababu ya kucheka.

Huo mpango wa mwezi wa nne umeusogeza wewe peke yako. Mimi niko pale pale.

Mkeo,
Mama Chiriku


25 Februari

Mke wangu, na wivu wako mtamu,

Natumaini barua hii inawakuta salama. Mimi mzima. Mpe pole Chiriku kwa jino, mwambie baba anataka kuona hilo pengo.

Umenichoma kidogo, lakini ngoja nikueleze kama mtu wa pampu. Tairi hizi ni nzito na zinaing'ang'ania lami. Ngao ni chuma kitupu, kila nikiondoka kwenye taa za barabarani injini inaisukuma. Gari likishainuliwa, upepo nao unaingia kwa chini. Juu ya hayo nimeongeza keria ya juu kwa ajili ya mbao ndefu, na safu ya taa juu ya keria. Nikishika barabara kuu keria inapiga mluzi, na nikikanyaga mafuta nahisi kama kuna mtu ananivuta shati kwa nyuma. Mafuta yanakwenda huko, hayana pengine pa kwenda. Cha ajabu ni kwamba mita ya kilomita inaonyesha natembea kidogo kuliko zamani, wakati kazi ni ile ile. Hilo hata mimi limenishinda.

Utasema nivue. Lakini wateja wapya wanaanza kuniulizia, mama. Mtu akiona gari limesimama hivi anaamini kabati lake litafika na milango yake.

Kuhusu dada wa spea, umri sikumuuliza, kuolewa sijui, na mwanya, nakuapia, sijawahi kuutazama mdomo wake. Ila umeuliza na sipendi kukuacha na maswali. Kesho napita kuchukua bulbu, nitaangalia nikuambie.

Nadhani mwezi wa sita utakuwa mzuri zaidi kwa nyinyi kuja.

Mumeo,
Baba Chiriku


6 Machi

Baba Chiriku,

Tuko wazima.

Utaangalia uniambie! Nimekutuma ukamkague? Nimecheka kwa hasira hadi mwenzangu wa pampu ya pili akaacha kumhudumia mteja, akaja kuniuliza kuna nini. Nikamwambia mume wangu ameniahidi habari za meno ya mwanamke.

Na hiyo mita yako usinifanye mjinga. Tangi linaisha Alhamisi, lakini mita inasema umetembea kidogo? Mimi nafanya kazi kituo cha mafuta. Madereva wanaokwenda wasikotaka tajiri ajue wanachomoa waya wa mita, wanakwenda kwa raha zao, kisha wanaurudisha. Nawaona hapa, wameinama chini ya dashibodi, wanajifanya wanatafuta kalamu. Wewe tajiri wako ni mimi. Gari hilo tumelihangaikia wawili, nusu ya usukani ni yangu hata kama siushiki.

Basi nisikilize. Vua kila kitu. Tairi, ngao, keria, taa, springi irudi chini kama ilivyokuwa. Halafu jaza tangi Jumatatu ufanye kazi zako za kawaida. Likifika Jumamosi nitakuomba radhi kwa magoti. Lisipofika, usihangaike kuniandikia, nitakuwa nimeelewa.

Mama wa mtoto wako


2 Aprili

Baba Chiriku,

Habari za siku nyingi. Sisi wazima, kama bado unauliza. Chiriku ameanza kuota jino jipya.

Hujajibu. Nimekwenda dukani tunakopokelea barua mpaka mwenye duka akiniona anatikisa kichwa kabla sijafungua mdomo.

Kuna jambo nataka kukuomba radhi. Unamkumbuka Mzee wa Tela, yule dereva wa lori anayejaza dizeli hapa? Nilimweleza habari ya mita kana kwamba ni ya shemeji yangu. Akaniambia tairi kubwa ikizunguka mara moja inafika mbali kuliko ndogo, lakini mita inahesabu mizunguko tu, haijui kwamba gari limebadilishwa viatu. Kwa hiyo ulitembea zaidi ya mita ilivyosema. Wewe uliamini mita, mimi nikaiamini, tukagombana kwa ushahidi wa kifaa kinachodanganya. Kwa waya wa mita, nisamehe. Nilikuzulia.

Lakini Mzee wa Tela hakuweza kunieleza kwa nini umenyamaza.

Nina wivu. Neno hilo naliandika bila mzaha ulione. Kila pikapu inayoingia hapa, natazama kiti cha abiria kabla sijamsalimia dereva. Juzi alikuja mteja na mkewe. Mkewe alikuwa amelala, amevua viatu, kichwa ameegemeza kwenye kioo. Nikamtazama hadi tangi likajaa na petroli ikamwagika chini, meneja akanifokea mbele za watu. Hebu fikiria, nimemwonea wivu mke wa mtu nisiyemjua kwa sababu ya kusinzia kwenye gari la mumewe. Mimi tangu pikapu iende huko sijaikalia hata mara moja.

Yeye ameshaikalia? Nijibu hilo tu. Hata ukinitukana, andika.

Mkeo,
Mama Chiriku


20 Aprili

Mama Chiriku,

Nakusalimu wewe na mtoto. Mimi mwili mzima, kichwani sijui.

Nimefanya ulivyosema. Nimevua vyote. Tairi za zamani nilikuwa nimezihifadhi chini ya kitanda, nimezirudisha. Gari sasa ni dogo na la kawaida, seremala aliponiona aliuliza kama nimefiwa. Mita sikuitegemea, nilihesabu nguzo za kilomita zilizo kando ya barabara. Nikajaza Jumatatu, nikabeba vitanda kama siku zote, na Jumamosi jioni bado mshale ulikuwa juu ya alama nyekundu. Ni vile vitu vilikuwa vinakunywa, nakuambia kweli. Sikwenda popote.

Huo ndio ushahidi uliotaka. Sasa kuna jambo ambalo hukulipima.

Nilinyamaza kwa sababu barua yako ya kunifokea ilinikuta nimeshaangalia. Nilikwenda kuchukua bulbu kama nilivyokuambia, nikasimama pale kaunta, nikamtazama mdomo ili nikuletee jibu. Hana mwanya. Akicheka anafunika mdomo kwa mkono. Hakuwa amenichekea kabla ya siku hiyo, au alinichekea nami nilikuwa natazama tairi. Hana mume, mume aliondoka. Ana mtoto wa kiume anayesoma. Hayo yote niliyauliza kwa ajili yako, na nilipoyapata nikashindwa kukuandikia.

Hatujagusana hata mkono. Lakini siku hizi napita dukani na sina cha kununua. Nauliza bei ya plagi ambayo siihitaji.

Umeuliza kama ameshaikalia. Siku niliyomrudishia keria dukani mvua ilinyesha, nikampeleka kwao. Ni hapo hapo karibu, njia yote tuliongelea shule za watoto. Safari ile mshale wa mafuta haukusogea kabisa. Ungepima vipi hiyo, mke wangu? Mimi mwenyewe sijui naipimaje.

Sikulaumu, na yeye simlaumu. Najua tu kwamba mafuta sasa yanatosha, sina tena kisingizio cha kukuambia usubiri, na bado barua yote hii nimeiandika bila kukuambia uje. Nimeisoma tena nikaliona hilo, na nimeogopa.

Baba Chiriku


27 Aprili

Baba Chiriku,

Salamu. Sisi wazima, na wewe mgongo wako uendelee vizuri.

Nilisema nitakuomba radhi kwa magoti tangi likifika Jumamosi. Limefika, na naomba radhi. Magoti utanisamehe, sakafu ya hapa ni ya baridi.

Barua yako nimeisoma mara moja, sirudii. Nilidhani nikishaujua ukweli wivu utaniacha. Haukuniacha, ila umetulia, sasa unajua pa kukaa. Zamani nilikuwa nagombana na tairi na waya. Nimeona pia kwamba mimi ndiye niliyekutuma kwenye ile kaunta. Hilo linaniuma kuliko yote uliyoandika, na sitaki tuliongelee kwenye barua.

Yule dada hajanikosea. Ameuza bulbu, amelowa mvua, amepelekwa kwao. Sina ugomvi naye na sitakwenda dukani kwake kumwangalia, ingawa mwenzangu wa pampu ya pili ameshaniazima na viatu vya kwenda navyo vitani.

Nimeomba ruhusa kwa meneja. Sare yangu nimeifua na kuikunja, nimeiacha kabatini, sijui kama nitaivaa tena. Jumapili tarehe sita tunapanda basi la asubuhi, mimi na Chiriku, na mchana tutakuwa stendi ya huko kwako. Barua hii itafika kabla yetu, nimempa dereva wa basi mwenyewe mkononi.

Ukitutaka, njoo na gari utuchukue. Usipokuja, sitakutafuta karakana wala kumuuliza seremala. Tutakula kitu pale pale stendi, kisha tutapanda basi la jioni turudi, nami sitakuandikia maneno mabaya. Usije kwa ajili ya huruma, na usije kwa sababu tangi limejaa.

Mtoto sijamwambia kwamba tunakuja kwako. Nimemwambia tunakwenda kutembea tu, tuone mji na mabasi makubwa, halafu labda turudi. Sikutaka akirudi ajue kwamba kuna mtu alingojewa.

Mkeo,
Mama Chiriku