Ufagio Mlangoni, Mvinyo wa Watu Pipani

Mpendwa Dada Annegret,

Naomba msaada, tena wa haraka, maana Jumamosi inakuja mbio na mimi sijalala vizuri tangu Luise wangu wa miezi saba aanze kuota meno. Nimeolewa kwa wakulima wa zabibu hapa bonde la Neckar, Ujerumani, na kila Februari baba mkwe wangu, mzee Gotthilf, hutundika ufagio mlangoni, watu wakiuona wanajua sebule iko wazi, wanakuja kula dengu na soseji na kunywa mvinyo wetu, wetu tu, maana sheria ya ufagio ndiyo hiyo, huuzi usicholima. Sasa Julai iliyopita mvua ya mawe ilipiga dakika kumi tu, ikainyonyoa mizabibu kama kuku, tukabaki na pipa moja, Baba akasema mwaka huu hatundiki, mimi ndiye niliyemshikilia, "Baba, tundika, watu wanataka kutusaidia." Kweli wakaja, Dada, wakajaa hadi kwenye ngazi, siku ya nne pipa likakauka, na ufagio hukaa wiki tatu, nikamwona Baba akilini anavyoushusha mbele ya majirani, roho ikaniuma, nikamtuma mume wangu Jochen akanunue mvinyo wa kiwandani ng'ambo ya milima, akaumimina pipani huku akisema, "Mimi simo, mama Luise. Ukikamatwa sikujui."

Shida ni kwamba wameupenda! Jirani yetu Traudel, ambaye miaka yote hasifu kitu, alipiga meza: "Gotthilf, kumbe ulikuwa unangoja kupigwa mawe ndipo utupe mvinyo wa maana?" Sebule nzima ikacheka, Baba naye akatabasamu. Yeye nilikuwa nimempelekea glasi ya kwanza ya mvinyo ule kama desturi, akainusa, akaiweka mezani, akasema, "Nipe mtoto, binti. Kaa kidogo, umechoka," na tangu siku hiyo anakunywa juisi ya tufaha tu, eti tumbo linamsumbua, ingawa dengu anamaliza sahani mbili. Jumamosi inakuja kwaya nzima kutoka mjini, watu arobaini, wanataka asimame awaeleze habari za mvinyo ulionusurika. Nimwambie nimvunje moyo, au ninyamaze hadi ufagio ushuke?

Mkwe mwenye pipa la uongo

*

Mkwe mpenzi,

Kwanza pole kwa meno ya Luise. Mpe kijiko cha baridi ang'ate. Pili, huoni haya? Watu wale hawakupanda ngazi zako kwa kiu. Walikuja kuishika mkono mizabibu iliyopigwa, nawe ukawanywesha mvinyo wa kiwandani ambao haukuona hata tone la mvua ile. Traudel aliposifu tu, ulipaswa kushtuka.

Najua ulifanya kwa mapenzi. Lakini hebu isome tena barua yako mwenyewe, mama. Mzee aliyelima zabibu maisha yake yote ananusa glasi, anaiweka chini, halafu tumbo linaanza siku hiyohiyo? Tumbo gani hilo linalokataa mvinyo na kukubali sahani mbili za dengu? Anajua. Alijua kabla hata hajaonja, na badala ya kukuumbua mbele ya wageni akakupokea mtoto. Tangu hapo anakungoja wewe, na siku zinakwisha.

Nenda leo, vyombo viache hapo hapo. Jochen asikusindikize, si "hayumo"? Sema, "Baba, mvinyo ule si wetu, ni mimi niliyeuleta," kisha umwachie yeye zamu. Ufagio ushusheni pamoja, leo hii. Mvinyo wa kiwandani utoke kwenye pipa, asiuonje mgeni mwingine hata mmoja. Traudel umwambie kwa kinywa chako. Atakucheka hadi Pasaka. Vumilia, ndiyo adhabu yako.

Kwaya waache waje, hata bila ufagio. Wapeni dengu na juisi ya tufaha, na mzee asimame aseme kweli: mvinyo umekwisha, mawe yameula. Anayetaka kusaidia arudi Machi na glavu, matawi ya mizabibu yanangoja kufungwa kwenye nyaya, na huko shambani mlimani waimbe wapendavyo. Mkono mmoja wa kufunga tawi utawafaa ninyi zaidi kuliko glasi kumi za sifa.

Ukishamwambia Baba, mpe mtoto ukalale. Alikuona umechoka siku ile ile.