Mpira Wenye Alama za Meno Yako

Tata,

Gari letu limewaka. Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye kiti chako cha chuma hapa gereji, mikono bado inanuka mafuta, na sijui nimpe nani habari hii kama si wewe.

Kabureta nimeitoa. Lile boksi la vyombo vya injeksheni lililokaa chini ya meza miaka yote, huku ukisema, "Yetu itangoya, tumalizie bantu kwanza," nimelifungua kilio chako kilipoisha. Nililifungua kwa hasira. Magari ya watu wangapi uliyafungia injeksheni, Tata, na letu ukaliacha linazimika kila jua likikaza? Nimekukasirikia sana. Mama anasema si vizuri kumkasirikia marehemu, nami namjibu kwamba najua.

Unakumbuka lilivyozimika barabara ya Nzilo siku ile tukikutoa shambani kukupeleka hospitali Kolwezi, wewe umelala nyuma, kichwa kwenye mapaja ya Mama, mkono kifuani. Joto lilikuwa limechemsha mafuta ndani ya mpira wa kuyapeleka kwenye injini, kabureta ikabaki kavu. Nikafanya ulivyonifundisha: nikachomoa mpira, nikauweka mdomoni, nikavuta. Vijana wachimbaji waliokuwa wakipita walishuka kwenye pikipiki zao wakatusukuma. Ulinisikia nikikohoa, ukasema, "Vuta pole-pole, mama. Usimeze." Uliniita mama, kwa kuwa nina jina la mama yako. Hukuniambia neno lingine. Gari lilipowaka ulikuwa umekwisha kunyamaza.

Sasa nikuungamie. Katika kazi hii nilifanya kosa ambalo ungenipigia kofi la kisogo. Bomba la chuma lililooza nimelibadilisha. Pampu ya umeme nimeifunga karibu na tangi, nikaweka chujio jipya, na bomba la pili la kurudisha mafuta yanayozidi. Mipira ya zamani niliitoa yote isipokuwa mmoja: ule mfupi uliokuwa ukiushika kwa meno kila ulipovuta, wenye alama zako, hata ya lile jino lililovunjika nusu. Niliuosha, nikaurudisha, nikaukaza. Mimi huyu, ninayewaambia wateja kila siku kwamba kabureta hunyweshwa taratibu, lakini injeksheni husukumiwa mafuta kwa nguvu ambayo mpira wa zamani hauiwezi. Na wewe ulinikanya mara ngapi: "Utoe yote, mama. Usiache hata moya."

Nilipofungua swichi pampu ilinguruma, mpira ukavimba, ukapasuka palepale kwenye meno yako. Mafuta yaliruka juu ya injini. Kwa bahati nzuri injini ilikuwa baridi. Nilizima, nikakaa sakafuni, nikalia hadi Mama akaja mbio kutoka jikoni akidhani nimeungua. Aliuona mpira mkononi mwangu, akautambua. Hakunigombeza. Alisema, "Utie mupya, mutoto yangu. Tata yako hayiko mu mupira."

Basi nimetia mpya, ule mgumu wa injeksheni, pamoja na kolye zake, zile pete za kukaza zisizouchana mpira.

Jana nilimwomba Mama apande. Hakuwa amepanda tangu siku ile, hata sokoni alikuwa anakwenda kwa miguu. Alikaa nyuma, mahali pake palepale. Tulishika barabara ya Nzilo saa saba mchana, nilichagua jua kali makusudi. Tulipofika pale lilipozimika siku ile, nilizima injini, tukangoja joto lipande. Mama alikuwa ameweka mikono mapajani, kama anashika kitu. Kisha nikazungusha ufunguo.

Liliwaka mara moja, Tata. Mara moja tu. Mimi nililaza kichwa kwenye usukani nikashindwa kuendesha, kwa sababu kazi yote hiyo ilikuwa ya siku tatu, na boksi lilikuwepo chini ya meza miaka yote.

Sikukasirikii tena. Nimechoka tu, na nakukosa. Mpira wako uliopasuka umo kwenye mfuko wa ovaroli yangu. Nakuahidi kwamba gari la Mama halitangoja tena nyuma ya gari la mtu yeyote, hata aje na nani, hata aombe vipi.

Pumzika, Tata. Siku ile sikumeza. Nilivuta pole-pole, kama ulivyoniambia.

Mwanao, uliyempa jina la mama yako