Barua ya Jumatatu Imefika Jumanne

Kilosa, 1 Septemba 2025

Mume wangu Yassin,

Salamu nyingi. Mimi mzima, goti tu linanisumbua. Wewe je, unakula? Anaandika Domina jirani, maneno ni yangu, na nimemwonya asiyapake sukari.

Miaka miwili uko Ujerumani unasomea mwanga. Mwanga gani? Jua si lipo hapa? Na tangu mwezi wa sita simu ya picha hupokei, unataka barua tu, tena zipitie kwa rafiki yako Alex hapo Mikumi. Una mke wa Kizungu? Uko jela? Sema.

Bibi yako na mkeo wa kwanza,
Joha

*

Ujerumani, Jumatatu 8 Septemba 2025

Shikamoo Bibi,

Nakula, usihofu. Pole na goti. Mke sina, jela siko.

Kazi yangu ni atomu, vichembe visivyoonekana kwa macho. Atomu ina hali mbili, ya chini na ya juu. Tunaipiga mwale mfupi wa mwanga. Mwale ukidumu muda kamili, inapanda juu. Ukidumu nusu ya muda huo, inakuwa chini na juu kwa pamoja, mpaka tuipime. Hapo inatokea hali moja tu. Ukikosea muda kidogo, kazi yote imeharibika.

Mjukuu wako,
Yassin

*

Kilosa, Jumanne 9 Septemba 2025

Marahaba.

Iko chini, iko juu, usipoipima iko kote! Kuna mganga aliniambia mambo kama hayo, akaondoka na mbuzi wangu. Lakini hayo nakuachia wewe uliyesoma.

Langu ni hili. Barua uliyoandika jana Ujerumani, kondakta wa basi la Mikumi kanipa leo saa nne. Domina kanisomea tarehe mara tatu. Ndege gani hiyo, mume wangu? Kusoma sijui, siku nazijua.

Uko wapi?

Bibi

*

Mikumi, Ijumaa 3 Oktoba 2025

Shikamoo Bibi,

Nisamehe kukaa kimya. Maabarani kila ukurasa huandikwa tarehe yake ya kweli. Mkono umezoea, ukanisaliti.

Walinirudisha mwezi wa sita. Nilishindwa kuzishika atomu katika hali zote mbili kwa muda wa kutosha. Kila mara zilianguka kabla sijazipima. Ufadhili ukakatwa. Nilipofika Mikumi nikashuka kwa Alex, nikabaki. Siku naondoka mlinisomea dua uwanja mzima! Sasa napokea wageni kwenye gesti.

Tafadhali usimwambie mtu. Nipe mpaka Januari nijipange.

Yassin

*

Kilosa, Jumapili 5 Oktoba 2025

Mume wangu,

Umechelewa. Domina alinisomea barua yako jana, harusini kwa mzee Anselmi, na kabla hajafika kwenye "usimwambie mtu" nilishawaambia, kipaza sauti nilikuwa nacho. Mama Imani akacheka. Nikamuuliza kijana wake yeye amefika wapi, akarudi kwenye pilau. Wengine waliuliza kama umekonda.

Nilikudhania jela. Nilikudhania mgonjwa, unakufa peke yako kwenye baridi. Mwezi mzima silali. Kumbe umeshindwa tu! Dua ile tulikusomea wewe, hatukuzisomea atomu.

Njoo Alhamisi. Usishukie njiani ukapita mashambani kama mwizi; shukia stendi, mchana, uwaamkie wote, hata Mama Imani. Nitakuwa pale.

Ukishuka niite kwa sauti. Macho yangu siku hizi hayafiki mbali.

Bibi