Pua ya Wilf

Bethnal Green, London
Jumapili, 10 Novemba 1996

Mdogo wangu mpenzi Beryl,

Mungu akuweke salama hapo Clacton, na upepo wa bahari usikuchokoze tena magoti. Sisi huku tu wazima, ila mimi nakohoa na paka amezeeka. Mumeo Len hajambo, na njiwa wake? Nina neno kuhusu Len, lakini nitalifikia polepole, maana nikilitanguliza hutasoma mengine.

Unajua baridi ikianza wazee wa parokia hawatoki nyumbani. Basi Padri Keogh akaamua kila Jumatano mchana waonyeshwe filamu ukumbini, kwa chai na biskuti. Yeye alitamani maisha ya watakatifu. Akapigisha kura, na mikono yote ikataka filamu za majambazi, tena za kwetu Uingereza, zilizopigwa mitaa hiihii. Padri akaguna. Bibi Pargeter, miaka themanini na moja, akamwambia: "Padri, watakatifu tutakutana nao huko mbele, Mungu akipenda. Majambazi tukiwakosa sasa, ndiyo basi tena."

Kazi ya kuchagua zinazofaa nikapewa mimi, kwa kuwa ndimi mpanga maua ya altare. Nikatazama filamu kumi na moja, rozari mkononi, daftari magotini. Mwanzo nilihesabu matusi, daftari likajaa filamu ya kwanza haijafika nusu. Nikabadili kipimo: filamu inafaa kama jambazi anampenda mama yake, na mwishoni anayalipa maovu yake. Na nikuambie kweli, Beryl, zinafaa! Majambazi wa Marekani wanafyatua risasi tu kama watu wasiolelewa. Wetu anavua kofia, anauliza hali ya mama yako, anakunywa chai, ndipo anakuvunja kidole, na anaomba radhi kwa usumbufu.

Ile ya tatu ni ya mwaka 1971. Niliitazama nikimenya viazi. Jambazi mkubwa anaingia baa, anamwamuru kijana mmoja aondoke kitini. Kijana anajibu: "Kiti nimekikalia mimi, na bia yangu haijaisha." Anapigwa ngumi, pua inavunjika. Mkubwa anacheka, anampangusa damu kwa leso yake ya hariri, anasema huyu ni mwanamume, asiguswe tena.

Kiazi kikanidondoka. Beryl, hiyo si ndiyo pua ya Wilf wangu? Neno kwa neno, mpaka leso! Wewe mwenyewe umeisikia mara ngapi hadithi hiyo? Kwa ajili yake Wilf ana kiti chake pale baa, kisichokaliwa na mtu mwingine, na mjukuu wetu ameisimulia shuleni. Ndipo nikakumbuka kitu. Tulipokuwa wachumba, kabla filamu hiyo haijatengenezwa, Wilf aliniambia pua ilivunjwa na mlango wa lori la samaki, sokoni Billingsgate. Nilikuwa nimesahau, maana hadithi ya pili ilikuwa tamu zaidi.

Sasa, Padri alikuwa ameshabandika jina la filamu hiyo mlangoni mwa kanisa, na baa nzima ilikuwa inakuja. Wilf alipoliona tangazo akageuka mweupe kama maziwa. Akasema Jumatano ana miadi na daktari wa meno. Nikamkumbusha kwamba meno yake yote ni ya bandia, yamo kwenye glasi. Siku hiyo hakugusa pai yake. Miaka ishirini na sita ya ndoa, sijawahi kuona pai ya Wilf ikibaki sahanini.

Nilitaka kumcheka nikashindwa. Amebeba samaki miaka thelathini, na pale sokoni hakuna aliyemjua hata jina. Heshima yake yote ni ile pua. Wakimvua hiyo, atabaki na nini? Na Neno linasema upendo husitiri wingi wa dhambi.

Nikamwambia Padri filamu hiyo inamkejeli mtawa. Akasema ameitazama mara mbili na mtawa hakumwona. Basi Jumatano asubuhi nilipokwenda kupanga maua, nikaichukua kanda ya filamu, mali ya watu, nikaifunika kwa majani kapuni.

Mchana ukumbi ukajaa. Wilf nilimburura, akakaa safu ya mwisho kama mtu anayengoja hukumu. Padri akasimama, akatangaza kanda imepotea. Nilitegemea manung'uniko. Badala yake nikasikia watu wakishusha pumzi kila upande! Alf Dunmore, yule anayedai aliwakimbiza majambazi kwa gari kinyumenyume mpaka darajani, akafanya ishara ya msalaba, na Alf si Mkatoliki. Bibi Pargeter akaninong'oneza: "Mungu akubariki, mwanangu, maana naona kapu lako limenenepa. Hadithi za marehemu mume wangu zimo mle tatu."

Tukatazama nyingine, na wote tukalia jambazi alipomzika mama yake kwa jeneza lililokokotwa na farasi weusi. Wilf alinibebea kapu mpaka nyumbani. Akalipima uzito mkononi. Akala pai mbili, kisha akaosha vyombo, jambo ambalo alikuwa hajalifanya tangu Papa alipokuja London.

Jana nimeungama wizi na uongo. Padri kanipa Salamu Maria kumi na kuniagiza kanda irudi. Hakusema lini.

Basi leo baada ya Misa nikaitazama mpaka mwisho, ambako siku ya viazi sikufika. Shika kiti, mdogo wangu. Bwana harusi mmoja anafungiwa na majambazi kwenye chumba cha barafu cha wauza nyama, anafika kanisani amechelewa saa mbili nzima. Filamu ni ya 1971. Harusi yenu ilikuwa 1972. Ulilia machozi masaa yale mawili mlangoni, kisha ukamsamehe Len, kwa kuwa kosa lilikuwa la majambazi.

Alikokuwa Len siku ile sijui. Ila nilipompangusa koti kabla hajaingia, begani palikuwa na unyoya. Miaka yote hii nilidhani ni wa kofia ya mama; leo nawaza njiwa.

Kanda naituma pamoja na barua hii. Itazame au uifiche, na ukipenda kuificha, kapu ninalo. Wilf anawasalimu nyote, pua yake nayo vilevile. Bikira Maria awafunike kwa joho lake.

Dada yako akupendaye,
Doreen