Ufagio Chini ya Michungwa ya Mama

Kinole, Morogoro,
20 Agosti 1994

Mpendwa dada Mwanvita,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima huko Mwanza, wewe na wanao, na kile kifua chako kiwe kimetulia. Sisi huku tunapumua.

Dada, mwaka huu bahati imenigandia kama utomvu! Juzi lori la Dar lilipanda mpaka kwangu, likajaa machungwa ya shamba langu la bondeni hadi springi zikalia. Wanunuzi wananiita Bosi Hatibu. Soko huria limemkuta mwenyewe.

Umeandika kuwa kiwandani wamekupunguza, na Desemba unarudi uishi kwa michungwa ya mama kule mteremkoni, fungu lako la urithi ninalokutunzia. Kabla hujafunga mizigo nisikilize, na hapa sina utani.

Mama alipopanda miche ile, mwaka uliozaliwa wewe, udongo ulikuwa mweusi. Ukitumbukiza kidole unagusa nyungunyungu. Sasa ni mwekundu, mgumu kama tofali la kuchoma. Mvua inateleza juu yake na kukimbilia mtoni. Machungwa yamekuwa saizi ya ndimu, ganda nene, maji hamna.

Kosa ni ufagio. Unanijua nilivyo na sifa. Kila asubuhi nilifagia majani chini ya michungwa nikayachoma, wanunuzi waone shamba safi. Jirani yetu Kondo, ambaye majani kwake yanafika vifundoni, alikuwa akinipigia kelele ng'ambo ya kijito: "Fagia, Hatibu, fagia! Leo Ijumaa, watakuja kuswali humo!" Nami namjibu, "Lala na takataka zako, mzee wa jalala!"

Miaka ya ruzuku, mbolea ya chumvichumvi ilinifichia aibu. Ruzuku ilipoondolewa nikashindwa kuinunua, na udongo ukatoa mbavu.

Mwezi uliopita bwana shamba, Mikaeli, alichimba chini ya michungwa ya mama, akachimba na kwa Kondo, kwenye miti ya umri uleule. Akaniwekea udongo viganjani, huku wa Kondo, huku wetu. "Nusa." Wa Kondo ulinukia uyoga. Wa mama haukunukia kitu. Akasema mchungwa mzee hula majani yake mwenyewe, nami miaka kumi na minane namwondolea sahani kabla hajanawa. Na mbolea ile ikitiwa peke yake, mwaka hadi mwaka, huchachusha udongo.

Ufagio nimeutia moto. Sasa naacha majani, namwaga samadi ya mbuzi, katikati nimepanda kunde. Mikaeli anasema ni miaka mitatu, minne, udongo upone, na miti mingine haitangoja.

Basi usije kwa kuitegemea michungwa, dada. Ukija, njoo kwa sababu ni kwenu. Chumba chako nimekipaka chokaa.

Shangazi Semeni anakusalimu sana, na mke wangu Mwanaasha pia. Mungu akufungulie mlango ambao hukuugonga.

Mdogo wako akupendaye kuliko anavyopenda sifa,
Hatibu

N.B. Lile lori lilijaa machungwa ya Kondo. Shamba langu la bondeni nalo nililifagia. Mimi nilikuwa kibarua wa kupakia.