Siku Nilipoinua Mguu

Mjukuu wangu Idi,

Tik, tik, tik, kama msumari unaocheza ndani ya kopo: sauti hiyo haijanitoka masikioni tangu nilipokuwa na umri wako. Sisi huku Buyenzi hatujambo. Babu yako Hamisi bado ananyamazisha gereji nzima ili asikilize injini, na bado anacheka kwamba mimi mdogo wake, mwenye miaka ishirini na minane tu, naitwa bibi.

Umeuliza kwa nini niliendesha gari la mbio msimu mmoja tu. Yalikuwa mashindano ya vijana huko Nairobi, vigari vyembamba vyenye magurudumu yaliyo wazi nje ya bodi, na Hamisi alikuwa fundi wangu. Katika mbio za mwisho nilikuwa wa tatu, na nafasi hiyo ingenipa gari la msimu uliofuata. Ndipo nikasikia ile tik, tik. Nikajua injini yangu inakufa. Nikainua mguu kwenye kanyagio la mafuta, nikasimama pembeni.

Mzunguko uliofuata, gari lililokuwa ubavuni mwangu likazimika. Hamisi alifungua injini yangu, akaifunga taratibu.

"We Zuhura, yako iko muzima. Ulisikia ya mwenzako."

"Kwa hiyo nilikosea?"

"Apana. Ulisikia vizuri sana."

Hadi leo nautamani ule usukani. Siku hizi nikisikia hofu, najiuliza kwanza ni ya nani. Walimu wenzangu shuleni wanasema nimechelewa kurudi kwenye mbio. Jumatatu niliacha kufundisha, na leo nimemaliza siku ya tatu ya mazoezi ya kuendesha kwenye uwanja wa udongo wa Buterere. Mikono inauma hata kushika kalamu.

Bibi yako,
Zuhura